Kazi huanza mgonjwa akirudi nyumbani

 Mwandishi, katika makala yako upasuaji wa kuondoa utumbo mpana umeueleza vizuri, ila umetuacha mlangoni mwa hospitali. Sisi huku Mhezi, Upare, tulimpokea baba mdogo akiwa ametolewa utumbo mpana wote na ana mfuko wa kinyesi uliobandikwa tumboni. Kazi ndipo ilipoanza.

Utumbo mpana hupokea kama lita 1.5 za majimaji kwa siku na kuyarudisha karibu yote mwilini. Ukiondolewa, maji hayo huishia mfukoni pamoja na chumvi. Siku za mwanzo mfuko unaweza kupokea lita nzima au zaidi kwa siku. Kisha sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba hurithi kazi: vinyweleo vyake hukua, hufyonza chumvi na maji zaidi, na baada ya wiki au miezi kadhaa kinachotoka huwa kizito kama uji, mara nyingi mililita 500 hadi 800 kwa siku. Hata hivyo chumvi huendelea kupotea.

Kosa letu lilikuwa maji matupu. Alishuka Same mjini siku ya jua kali, akanywa chupa kwa chupa, jioni misuli ya miguu ikakaza. Kumbe maji matupu mengi huzidisha kutoka kwa chumvi. Kilichomfaa ni ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Makande nayo (Mpare bila makande!) tuliyaweka kando kwanza, maana maganda ya mahindi huweza kuziba njia. Sasa anayala, ila anatafuna kweli kweli.

Tunaomba makala ijayo iwe ya chakula cha mgonjwa huyu nyumbani.