Datsun yangu ya ujana

Mhariri,

Hapa Ndau tunakwenda kwa mashua na kwa miguu, basi wajukuu hucheka nikiwaambia babu yao aliwahi kuwa dereva wa mbio. Mbio zenyewe zilikuwa za Makupa hadi Likoni! Mwaka 1980, Shekhar Mehta aliposhinda Safari Rally kwa Datsun 160J, nilikuwa kuli bandarini Mombasa. Akiba yangu yote ikaishia kwenye 160J kuukuu, nyekundu iliyopauka, yenye mlango mmoja wa buluu. Asubuhi haikuwaka bila kusukumwa. Lakini ikishapata moto, ekzosi ilinguruma hadi watu wa barabara ya Mama Ngina wakageuka. Niliiuza nikaoa. Mke wangu husema nilipata faida. Hata hivyo, mashua ikipata upepo wa kusi, mguu wangu wa kulia bado hutafuta pa kukanyaga mafuta.

Msomaji wako,
Ndau, Lamu