Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: Mtama usiofanana

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kongwa, Dodoma. Mvua ilikatika Februari kwa wiki tatu. Jirani yangu alikuwa na mahindi chotara ya aina moja, na yote yalitoa mbelewele karibu siku zilezile, jua likiwaka. Mahindi yakikutwa na ukame wakati huo, ndevu huchelewa. Zinapochomoza, chavua imeshapeperuka. Alivuna magunzi yenye punje za kuhesabika. Sisemi chotara ni mbaya. Mwaka wa mvua nzuri ananizidi kwa magunia.

Mtama wangu wa kienyeji una wa kuwahi na wa kuchelewa. Uliowahi ulikuwa umeanza kujaza punje. Uliochelewa ulikunja majani ukasubiri, na mvua iliporudi ukaendelea. Mimea mingine ilikauka shina, ikachipua upya chini. Upo na mwekundu, mchungu hasa, ninaouvumilia kwa kuwa kweleakwelea huanza na mweupe.

Wataalamu wako wanalijua hili: mbegu na mbegu hutofautiana, na mmea mmoja nao hubadili mwenendo kulingana na hali. Ila uwezo huo wa kubadilika hurithiwa, na si kila badiliko lina faida. Mahindi ya jirani nayo yalibadilika kwa ukame. Yalibadilika kwa hasara.

Sasa, ili aina ya mbegu isajiliwe, lazima mimea yake ifanane. Mtama wangu utaanguka hapo hapo, kwa kitu kilekile kilichotulisha. Hata mbegu za kuazimiwa ubora tunazoruhusiwa kuzalisha vijijini ni za aina zilizosajiliwa.

Benki ya mbegu ya taifa ipo Arusha, na ni akiba njema. Lakini mbegu iliyogandishwa hubaki ilivyoingia. Haikuipitia Februari yetu. Naomba mambo mawili: daftari la aina za wakulima lisilodai kufanana, na mbegu za Arusha zirudi mashambani kila baada ya misimu kadhaa, zipandwe, zivunwe, zihifadhiwe upya.

Ofisa wako akija, masuke ya kila aina yananing'inia jikoni kwangu, juu ya moshi, fukusi wasiyafikie. Aje na mifuko ya karatasi. Nailoni huyavundisha.

Mkulima wa mtama, Kongwa