Akina mama, shukeni kiti cha nyuma: twendeni gulioni kwa msafara

Leo naweka pembeni viwavijeshi na mbolea. Nazungumzia usafiri, kwa sababu mama anaweza kulima vizuri, akapalilia na kupulizia dawa kwa wakati, halafu faida yote ikaishia njiani.

Msimamo wangu nausema mapema. Mwanamke anayelima au kuuza mazao ajifunze kuendesha pikipiki, apate leseni, na safari zake za mwanzo aende na wanawake wenzake kwa msafara. Anayemzuia kwa kisingizio cha aibu anapunguza kipato cha kaya yake mwenyewe.

Tupige hesabu

Tuseme gulio liko kilomita 15. Bodaboda anakutoza 5,000 kwenda na 5,000 kurudi. Kwa magulio manne ya mwezi ni 40,000, na kwa miezi mitatu ya kuvuna nyanya ni 120,000. Ukiendesha mwenyewe, kilomita 30 hazihitaji zaidi ya lita moja ya petroli na kidogo. Ongeza oili, matairi na cheni, bado unabaki na kitu mkononi.

Lakini nauli ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba mama asiye na usafiri hana nguvu ya kukataa bei. Dalali anafika shambani, anaona nyanya zimeiva na mwenye nazo hana pa kuzipeleka, anataja bei anayotaka yeye. Anayejua kwamba kesho alfajiri anaweza kufunga tenga na kuondoka, huyo anaongea na dalali kwa sauti nyingine.

Maneno ya kijiweni

Nimeyasikia yote, nitayajibu moja moja.

"Mwanamke akiendesha pikipiki ni mhuni." Anayesema hivyo haoni shida mkewe kupakiwa mshikaki, amebanwa katikati ya kijana asiyemfahamu na abiria mwingine, tenga limefungwa nyuma. Kama kuna aibu, iko hapo.

"Pikipiki ni nzito kwa mwanamke." Mama huyo huyo anapanda mlima na ndoo ya lita 20 kichwani na mtoto mgongoni. Uzito wa pikipiki unabebwa na magurudumu. Kazi ya mwendeshaji ni kujua klachi, gia, breki na mizani ya mwili, na hayo yanafundishika.

"Watapata ajali." Hili ni neno la kweli, silipuuzi. Pikipiki inaua. Lakini inaua zaidi pale asiyefundishwa anapoendesha bila helmeti, amezidisha mzigo au amelewa. Dawa yake ni mafunzo na nidhamu, kwa mwanamke na kwa mwanamume.

Na nyinyi akina baba, niwaulize: pikipiki iliyonunuliwa kwa fedha ya maharage aliyopalilia mama inakuwaje "pikipiki ya baba" ambayo yeye haruhusiwi hata kuiwasha?

Wanaosema haya ni mambo ya kuiga, wajue kwamba Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, wanawake kwa wingi huenda sokoni na kazini kwa pikipiki kila siku, na ni Waafrika kama sisi. Huko Marekani chama cha wanawake waendesha pikipiki kiitwacho Motor Maids kilianzishwa mwaka 1940. Sisi bado tunabishana kijiweni.

Kwa nini msafara?

Mwanamke mmoja akipita peke yake anazomewa, akiharibikiwa porini yuko peke yake, na akiwa na fedha za mauzo anaviziwa. Wakipita watano, maneno yanapungua, pancha inazibwa, na mwizi anafikiria mara mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Namna ya kupata wenzako

1. Anza na wanaoendesha tayari. Karibu kila kata ina mwalimu, muuguzi au afisa ugani mwanamke mwenye pikipiki. Mfuate, muulize anakwenda gulioni lini.
2. Peleka hoja kwenye VICOBA yenu. Fedha ya kushona sare za kitenge mwaka huu ilipie mafunzo ya wanachama watatu.
3. Jifunzeni kwenye shule ya udereva iliyosajiliwa au chuo cha VETA chenye kozi hiyo, mtahiniwe na polisi wa usalama barabarani, leseni mchukue TRA. Uwanja wa mpira na shemeji havitoshi.
4. Kikundi kikiwa kimesajiliwa, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Ulizeni masharti mapema.

Sheria za msafara

- Kutaneni sehemu moja. Kagueni breki, taa, cheni, upepo na mafuta kabla ya kuondoka.
- Mzoefu mmoja aongoze, mzoefu mwingine afunge nyuma. Anayejifunza akae nyuma ya kiongozi, na mwendo uwe wake.
- Kwenye lami pana nendeni kwa zigizaga, mmoja kulia na anayefuata kushoto, bila kutoka kwenye upande wenu. Kwenye vumbi au njia nyembamba, mstari mmoja na nafasi kubwa zaidi.
- Msipitane wenyewe kwa wenyewe. Kila mmoja amwangalie wa nyuma yake kwenye kioo. Akipotea, wote wasimame mahali salama.
- Helmeti ifungwe kidevuni. Vaeni suruali na viatu vya kufunika. Kanga inayoning'inia ikiingia kwenye cheni au gurudumu, inakuvuta chini.
- Mzigo usizidi uwezo wako wa kusimamisha pikipiki kwa miguu miwili.
- Bebeni pampu, viraka, plagi na spana. Geuzeni mapema, giza lisiwakute njiani.

Wenzangu maafisa na watendaji wa vijiji, nasi tubadilike. Kila tangazo la mafunzo ya pikipiki linaandikwa "vijana wa bodaboda", na mama anajua hajaitwa. Liandikwe "wanawake na wanaume", lisomwe kwenye mkutano wa kijiji, na siku ya mafunzo isigongane na siku ya gulio.

Mavuno hayasubiri ruhusa ya kijiweni. Watafuteni wanne wenye nia kabla msimu haujafika, mje ofisi ya kata tupange siku ya kuanza mafunzo.