Mbwa wa mtoto wako akakimbie wapi?

Baba mmoja wa Buswelu ameniandikia kuhusu mwanawe wa miaka kumi aliyepewa mbwa na mjomba wake. Mbwa huyo sasa ana miezi minane, ana nguvu, na ua wa nyumba ni mdogo. Kila jioni mtoto anaomba kumtoa nje akimbie. Mama hataki, kwa sababu majirani wana watoto wadogo na mmoja wao ameshalalamika. Baba anauliza kama hapa Mwanza kuna uwanja mzuri ambako mbwa anaweza kufunguliwa kamba bila kuzua ugomvi.

Nimjibu moja kwa moja. Jiji letu halina uwanja wa umma uliozungushiwa uzio kwa ajili ya mbwa kukimbia. Wenzetu wanavyo. Uwanja wa Ohlone, mjini Berkeley nchini Marekani, ulifunguliwa mwaka 1979 na unatajwa kuwa miongoni mwa viwanja vya kwanza vya aina hiyo. Ulianzishwa na majirani waliotumia ardhi iliyobaki wazi baada ya ujenzi wa reli ya chini ya ardhi. Karibu na sisi, wakazi wa Nairobi huwapeleka mbwa wao Msitu wa Karura, lakini wakiwa kwenye kamba.

Kwa hiyo swali la baba huyu nalibadilisha kidogo. Mzazi wa Mwanza hatafuti uwanja uliokwisha kutengenezwa. Anatafuta eneo la kawaida, kisha analifanya kuwa salama yeye mwenyewe, kwa ajili ya mbwa, mtoto wake na watoto wa watu wengine.

Kwa nini mbwa akimbie

Mjini tumezoea kumfungia mbwa bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku alinde. Wengi huamini kwamba hivyo ndivyo anavyokuwa mkali. Ni kweli anakuwa mkali, lakini ukali wake hauchagui. Hajazoea watu, pikipiki, wala watoto wanaokimbia. Siku geti likisahauliwa wazi, wa kwanza kung'atwa si mwizi bali ni mtoto aliyetumwa dukani.

Kijijini mbwa alikuwa na nafasi yake. Aliondoka asubuhi na watoto wanaochunga ng'ombe, akatembea nao siku nzima, akarudi jioni amechoka. Hakuhitaji uwanja kwa sababu malisho yote yalikuwa uwanja. Alipohamia nasi kwenye viwanja vya mita ishirini kwa thelathini, tulimletea banda tukasahau kumletea matembezi.

Nusu saa ya kutembea asubuhi na nusu saa jioni inatosha kumtuliza mbwa wa kawaida. Kukimbia bila kamba ni nyongeza nzuri, lakini hata mara mbili kwa wiki inafaa. Na kwa mtoto wa miaka kumi, kuwa na kiumbe kinachomtegemea kila siku ni somo zuri, mradi mtu mzima awe karibu naye.

Chanjo kwanza, kamba baadaye

Mbwa asiyechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa asifunguliwe mahali popote nje ya ua. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huupata kwa kung'atwa au kukwaruzwa na mbwa.

Habari njema ni kwamba unazuilika kabisa. Mbwa huanza kuchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kwa ratiba ya daktari, kwa kawaida kila mwaka. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Muulize afisa mifugo wa kata yako lini chanjo itatolewa. Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kampeni nyingi hufanyika. Ukichanja, tunza cheti mahali ambapo hata dada wa nyumbani anaweza kukiona.

Muulize pia daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya ugonjwa wa distempa, ambao huua mbwa wadogo wengi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya kuukumbuka. Mwaka 1994 uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi ile. Watafiti walivihusisha virusi vyake na mbwa wa nyumbani wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mbwa wetu wana majirani wengi kuliko tunavyodhani.

Dawa ya minyoo nayo isisahaulike. Minyoo ya mbwa hupita kwenye kinyesi chake na kuingia kwa watoto wanaocheza pekupeku au wanaotia mchanga mdomoni.

Kiwanja cha kuazima

Pendekezo langu la kwanza kwa baba wa Buswelu ni kuangalia mtaani kwake. Buswelu, Kiseke na maeneo mengine yanayokua kuna viwanja vilivyojengewa ukuta na geti lakini nyumba bado haijaanza. Mwenyewe yuko Dar es Salaam au Geita, na funguo iko kwa mlinzi au kwa ndugu. Mtafute mwenye kiwanja, jitambulishe, mwombe ruhusa ya saa moja mara mbili kwa wiki. Mwahidi kufyeka majani na kuangalia kama ukuta wake uko salama. Wengi watakubali, kwa sababu kiwanja kinachotembelewa hakivamiwi.

Kama kuna familia mbili au tatu zenye mbwa waliochanjwa, ungeni juhudi. Mkutanisheni mbwa mmoja mmoja, kwanza wakiwa kwenye kamba. Jike aliye kwenye joto abaki nyumbani. Mbwa mgonjwa naye abaki.

Kabla ya siku ya kwanza, zunguka kiwanja chote bila mbwa. Angalia vipande vya chupa, misumari, mashimo chini ya ukuta, mawe yenye nyufa ambamo nyoka hujificha, na vipande vya nyama vilivyotupwa, maana wapo wanaotega sumu. Siku zote funga geti kwanza, ndipo ufungue kamba. Ukiondoka, funga kamba kwanza, ndipo ufungue geti.

Uwanja wa shule uuache. Watoto hucheza pale pekupeku, na kinyesi kimoja kinatosha kuharibu urafiki wenu na mtaa mzima. Kiwanja cha mpira cha mtaa kinaweza kufaa alfajiri kabla watu hawajaamka vizuri, lakini mbwa akiwa kwenye kamba ndefu na mwenyekiti wa mtaa akiwa na taarifa.

Ufukweni: raha yenye masharti

Najua wengi mtasema, "Si tuna ziwa?" Tunalo, na ni zuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo sehemu nyingine za ufukwe zimebaki wazi. Upande wa Luchelele na Malimbe kuna nafasi kuliko katikati ya jiji. Barabara ya Capri Point nayo inafaa kwa matembezi ya asubuhi, mbwa akiwa kwenye kamba.

Lakini ufukwe una wenyewe. Kwenye mialo dagaa huanikwa mchangani au kwenye vichanja, na hicho ni chakula na mtaji wa mtu. Mbwa akipita juu yake umemtia hasara mama wa watu. Pia kuna ndoano na vipande vya nyavu. Mbwa hufuata harufu ya samaki, akameza ndoano, na kuitoa ni kazi ya daktari. Mialoni msimfungue kabisa.

Kuna mambo mengine matatu ya kuangalia kando ya ziwa.

Kwanza, kichocho. Konokono wanaokieneza hukaa kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye majani. Mtoto anayeingia majini hadi magotini kumwogesha mbwa anaweza kukipata, kwa sababu vimelea hupenya kwenye ngozi. Mbwa mwogesheni nyumbani kwa ndoo.

Pili, maji yanayogeuka kijani kama rangi iliyomwagika. Huo ni mwani, na baadhi ya aina zake zina sumu inayoweza kumuua mbwa aliyekunywa maji hayo au kujilamba baada ya kuogelea. Bebeni maji ya kunywa kwenye kidumu kutoka nyumbani.

Tatu, magugu na matete. Mamba na viboko wapo ziwani, na penye magugu huwaoni mapema. Mahali ambapo wavuvi au wanawake wanaofua wanakwambia usiende, usiende.

Kisiwa cha Saanane kipelekeeni watoto bila mbwa. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, na mbwa hawaruhusiwi kwenye hifadhi za taifa.

Nendeni saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Miamba yetu hushika joto. Weka kiganja juu ya jiwe, hesabu hadi saba, na kama huwezi kuvumilia, nyayo za mbwa nazo hazitavumilia.

Aitwe, aje

Mbwa anastahili kufunguliwa kamba siku anapojua kurudi akiitwa. Kumfundisha si kazi ngumu, na mtoto anaweza kuifanya ukiwepo. Nunua kamba ya manila ya mita kumi na uifunge kwenye mkanda wa shingoni. Mwache mbwa aende, kisha mtoto aite jina lake mara moja na kusema "njoo". Akija, apewe dagaa mmoja mkavu asiye na chumvi, na asifiwe. Asipokuja, vuteni kamba taratibu bila kumpiga. Mbwa anayepigwa akirudi hujifunza kutorudi.

Fanyeni hivyo dakika kumi kila siku, kwanza uani, kisha mahali penye kelele. Anapokuja mara tisa kati ya kumi huku kuku wanapita mbele yake, ndipo mfikirie kufungua kamba kwenye kiwanja chenye ukuta. Barabarani asifunguliwe, hata akiwa mtiifu kiasi gani.

Mtoto wa miaka kumi asimtoe mbwa mkubwa peke yake. Mbwa akivuta, mtoto ndiye anayeburutwa.

Majirani wana haki yao

Jirani anayeogopa mbwa hana kosa. Huenda aling'atwa utotoni. Jirani Mwislamu anayejihadhari mate ya mbwa yasimguse anatunza tohara ya swala yake, si chuki kwako. Ukimwona mtu anakuja, fupisha kamba, hamia upande wa pili wa njia, na usimwambie "haumi huyu". Yeye hana namna ya kulijua hilo.

Kinyesi cha mbwa wako ni chako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo beba gazeti kuukuu au kibeleshi kidogo. Na kumbuka, Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake.

Mtoto aking'atwa, asifiche

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Watoto wengi huficha wakiumwa au kukwaruzwa na mbwa. Wanaogopa kuchapwa kwa kuchezea mbwa wa watu, au wanaogopa mbwa wao atauawa. Ugonjwa huu huweza kukaa mwilini wiki kadhaa au miezi kabla ya kujitokeza, na hapo huwa umechelewa.

Kwa hiyo mwambie mwanao leo, kabla hujamnunulia kamba: "Mbwa akikung'ata, akikukwaruza au akilamba kidonda chako, njoo uniambie. Sitakupiga." Na timiza ahadi hiyo.

Akija, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta wala dawa ya meno. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, akapewe chanjo, na amalize sindano zote kwa tarehe alizopangiwa hata kama kidonda kimepona. Ulizia mapema ni hospitali gani karibu nawe yenye chanjo hiyo, usisubiri siku ya tukio. Mbwa aliyeng'ata asiuawe ovyo kama anaweza kufungiwa salama. Mtaarifu afisa mifugo, na mbwa aangaliwe kwa siku 10.

Mfundishe pia mtoto namna ya kukutana na mbwa asiyemjua. Asikimbie, asipige kelele, asimkazie macho. Asimame wima kama mti, mikono kifuani, mpaka mbwa aondoke. Akiangushwa, ajikunje na kuziba masikio na shingo kwa mikono.

Baba wa Buswelu, wiki hii anza na afisa mifugo. Wiki ijayo mtafute mwenye kile kiwanja chenye ukuta. Na ukimpata, mpitie pia yule jirani aliyelalamika, umwonyeshe cheti cha chanjo kabla mbwa hajatoka getini.