Haramu haihalalishwi na bango

 

Ndugu Waislamu, hila ya kwanza aliyofanyiwa mwanadamu ilikuwa hila ya jina. Iblis hakumwita baba yetu Adam (a.s.) kwenye uasi, aliuita mti uliokatazwa kuwa ni mti wa kuishi milele, kama tunavyosoma katika Suratu Twaha, aya ya 120. Imam Ibnul Qayyim ametanabahisha kuwa wafuasi wa Iblis wamerithi kwake desturi ya kuyapa maharamisho majina yanayopendwa na nafsi. Anayetaka kuuona urithi huo na asome mabango ya barabarani.

Sisi wa Mlali, Kongwa, tukishauza mahindi yetu katika soko la Kibaigwa, hurudi na fedha mfukoni, na mabango ndiyo yanayotupokea. Tutazame maneno matatu.

La kwanza ni la ulevi. Bango huandika "kinywaji", kana kwamba maji na maziwa si vinywaji, kisha hututaka tunywe "kistaarabu". Khamr kwa Kiarabu imefungamana na maana ya kufunika, na Sayyidna Umar (r.a.) alibainisha juu ya mimbari kuwa khamr ni kila kinachofunika akili, akataja vitu vitano vilivyotengenezewa ulevi zama hizo, vikiwemo zabibu, tunda ambalo mkoa wetu wa Dodoma unasifika nalo. Leo kinachofunika akili nacho kimefunikwa kwa jina. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, ametujuza kuwa watakuwepo watu katika umma wake watakaokunywa ulevi wakiuita kwa jina lisilo lake.

La pili ni la kamari. Kiswahili kilipokea neno hili kutoka Kiarabu pamoja na aibu yake. Kisha ikaja "bahati nasibu", Sheria ya mwaka 2003 ikasema "michezo ya kubahatisha", na leo kuta zinasema "beti". Hatugombani hapa na sheria ya nchi, ambayo imewazuia walio chini ya miaka 18. Tunachosema ni kuwa jina halibadili hukumu ya Allah katika Suratul Maida, aya ya 90. Tuliwauliza wanafunzi wetu hukumu ya kamari, wote wakajibu: haramu. Tukawauliza hukumu ya kubeti, wakatazamana, na mmoja akasema, "Ustadhi, huo ni mchezo tu." Hatukumkemea. Kosa lilikuwa letu sisi walimu: tulimfundisha aya, hatukumfundisha kuwa neno analolisoma ukutani kila siku akija madrasa ndilo hilo lililokatazwa na aya.

La tatu ni la riba, na hapa hila imekwenda kinyume. Neno halikufichwa, bali limepambwa: "riba nafuu". Neno lile lile ambalo Allah katika Suratul Baqara, aya ya 279, amewatangazia vita wasioliacha, leo linapakwa rangi kuwa ni sifa ya bidhaa! Na la ajabu ni kuwa wananchi wenyewe, Waislamu na wasio Waislamu, walipoonja machungu ya mikopo ya haraka mitaani, waliipa jina la "kausha damu". Jina hilo la mitaani lina ukweli kuliko yaliyoandikwa katika mabango.

Hata hivyo tusizilaumu kampuni peke yake. Vipo vibanda vya ndugu zetu vilivyoandikwa "Mashaallah" juu ya mlango, na chini yake ukuta mzima umepakwa rangi ya bure kwa sharti la kubeba tangazo la kubeti. Mwenye kibanda husema, "Mimi sichezi, nimepata rangi tu." Ndugu yetu, ukuta wako unasema kwa niaba yako usiku na mchana. Allah ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui (Suratul Maida, aya ya 2), na asiyecheza kamari naye yumo katika katazo hili ikiwa anaitangaza.

Hivyo basi, nasaha zetu ni tatu. Kwanza, makhatibu wayataje mambo haya kwa majina yanayotumika mitaani, ili kijana ajue kuwa kubeti ni kamari. Pili, wazazi wasiyakaribishe majina ya mabango ndani ya nyumba zao. Tatu, jamaa wa kila msikiti wachangishane kopo la rangi, wamwendee mwenye kibanda kwa upole, wampakie ukuta wake upya. Akimwambia mtu wa kampuni kuwa hataki tena, asijione kuwa amepata hasara. Anayeacha kitu kwa ajili ya Allah, Allah humpa badala iliyo bora.

Wabillahi tawfiq.