Mimba ikiharibika, mama asitwishwe lawama

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaribiana kwa umbo na kutengana kwa maana: kuharibu na kuharibika. Cha kwanza hudai mtenda. Hakisimami bila mtu au kitu kilichofanya uharibifu. Cha pili hueleza hali tu, na mtenda hatajwi. Ndiyo maana wazee wetu, walipotaka kuutaja msiba wa mja mzito aliyepoteza kilichomo tumboni, walisema mimba imeharibika, au mimba imetoka. Hawakusema imeharibiwa. Kutoa au kuavya mimba ni usemi mwingine kabisa, kwa tendo jingine kabisa.

Lakini msomaji na atege sikio sokoni, ndani ya matatu au katika vikao vya jamaa. Siku chache baada ya msiba, kitenzi hugeuzwa. Husemwa kwamba mke wa fulani ameharibu mimba. Ya pili ikitoka, husemwa kwamba huyo ni mwenye kuharibu mimba. Kiambishi kimoja kimedondoshwa, na mfiwa amekuwa mshtakiwa.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si daktari, na lau jambo hili lingekuwa la sarufi tupu ningelimaliza darasani. Sivyo lilivyo. Wapo wake wanaorudishwa kwao kwa sababu ya lawama hii, na wapo wanaoletewa wake wenza. Wengine hushukiwa uzinzi, au kumeza dawa kwa siri, au kurogwa. Walio wengi hunyamaza. Huogopa maswali ya zahanati, wakabaki nyumbani wakivuja damu, ilhali damu hiyo, au mabaki ya mimba yakioza tumboni, yaweza kumwua mtu. Hapo neno limekwisha kuwa hatari kwa maisha.

Je, tiba inasemaje? Katika kila mimba 100 zilizokwisha kutambuliwa, takriban 10 hadi 20 huharibika, na nyingi katika hizo ni za miezi mitatu ya kwanza. Karibu nusu ya zinazotoka katika miezi hiyo hutokana na kasoro za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba sifa za urithi. Kasoro hizo aghalabu huzuka kwa bahati tu, yai au mbegu inapoundwa au chembe zinapoanza kugawanyika. Hakuna chakula ambacho kingezizuia, wala kazi iliyozileta, wala jicho la jirani. Kwa mimba hizi sarufi ya wahenga ni sahihi kabisa: imeharibika, na hakuna aliyeiharibu.

Inabaki ile sehemu nyingine, na hapa ndipo nataka tusimame. Mwishoni mwa mwaka 2006, watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walitangaza matokeo ya uchunguzi wao nchini Uingereza. Walilinganisha wanawake wapatao 600 ambao mimba zao zilitoka katika miezi mitatu ya kwanza na wengine zaidi ya 6,000 ambao mimba zao zilivuka kipindi hicho. Waliokuwa wamekonda kupita kiasi kabla ya kushika mimba walionekana kuwa katika hatari iliyozidi kwa asilimia 72. Waliokula matunda na mboga karibu kila siku hatari yao ilikuwa ndogo. Waliopatwa na mashaka makubwa, au waliofanya kazi zenye kuwasumbua akili, hatari yao iliongezeka, na wasioishi na mume au mwenzi kadhalika.

Uchunguzi wa namna hii huonyesha mambo yanayoandamana. Hauthibitishi kwamba moja ndilo lililozaa jingine. Wala haijathibitika kwamba vidonge vya vitamini pekee huzuia mimba kutoka. Hata hivyo, ikiwa katika nchi tajiri hali ya mwili na ya maisha ya mama huandamana hivyo na usalama wa mimba yake, sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kujiuliza mja mzito wa kwetu anaishije.

Tuanze na sahani. Katika nyumba nyingi mama ndiye apikaye na ndiye alaye mwisho. Mnofu ni wa baba, watoto hupewa mchuzi, naye hujikunia ukoko. Zipo jamii ambazo humkataza mja mzito mayai, na baadhi ya wafugaji humpunguzia chakula kadiri miezi inavyosonga, ili mtoto asiwe mkubwa akamtatiza wakati wa kujifungua. Nia ni njema, lakini mwili unaonyimwa chakula katika siku unazokihitaji mno hudhoofika pamoja na kilichomo ndani yake. Ama vile vijiwe laini vya odowa ambavyo waja wazito hununua sokoni wakavitafuna, tusivicheke. Tamaa ya kula udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na anayevitafuna apaswa kupimwa damu badala ya kufanyiwa mzaha.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mja mzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Kunde, mchicha, managu, maharagwe, ndengu na omena ni hazina tulizo nazo sokoni. Chungwa au nyanya pembeni huusaidia mwili kuyapokea madini ya mboga. Chai inayonywewa papo hapo na chakula huyazuia. Shauri hili dogo halina gharama: chai na ingoje.

Lakini uti wa mgongo wa mtoto hufumbana katika wiki nne za kwanza, kabla wengi hawajajua kwamba wana mimba. Foliki ya kuuwezesha kufumbana vyema yatakiwa iwemo mwilini tangu kabla ya mimba kutungwa. Kwa hiyo lishe ya mama huanza na lishe ya msichana. Serikali ililitambua hilo ilipoagiza, mwaka 2012, kwamba unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti utiwe madini na vitamini. Agizo ni jema, ila anayenunua gorogoro ya mahindi na kuipeleka kwenye mashine ya kijijini halimfikii, naye yamkini ndiye mwenye haja kubwa zaidi.

Tutoke jikoni. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na maelfu ya waja wazito huubeba kutoka mtoni kila siku. Kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani, malaria humaliza damu ya mama na huweza kuitoa mimba. Kinga yake yajulikana: chandarua chenye dawa, na vidonge vinavyotolewa kliniki kuanzia miezi mitatu ya mwanzo inapopita. Kuna pia kipigo cha mume, ambacho tafiti za nchi nyingi zimekihusisha na kuharibika kwa mimba. Ni ajabu iliyoje kwamba mwanamume huyo huyo ndiye atakayesimama mbele ya wazee kudai kwamba mkewe ameharibu mimba!

Sheria zetu nazo huanza kumhesabu mama siku ya kujifungua. Mwaka 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungulia katika hospitali za umma, na wengi walinufaika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara. Lakini mchuuzi wa mboga na kibarua wa shambani hawana wa kuwapa likizo, na aliyepoteza mimba ya miezi mitatu anatarajiwa kuamka kesho yake kwenda kulima. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, ikiwemo ya uzazi, na haki ya kutokuwa na njaa. Sijaona mahali kiliposema haki hizo zianze katika chumba cha kujifungulia.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, serikali za kaunti zitafute njia ya kutia madini na vitamini katika unga unaosagwa vijijini, na kuhakikisha kwamba vidonge vya chuma na foliki havikosekani katika zahanati. Pili, wahudumu wa afya wa vijijini wasimwulize mama tu ana mimba ya miezi mingapi, bali pia anakula nini, anabeba nini, na kama yu salama nyumbani mwake. Na maswali hayo yasikike na mume na mavyaa pia, kwa kuwa wao ndio wenye kauli juu ya chungu na mtungi. Tatu, aliyepoteza mimba apelekwe kutibiwa upesi na apewe pole kama mfiwa mwingine yeyote.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo huu si usufi. Yeyote atakayesikia ikisemwa kwamba mwanamke ameharibu mimba na amsahihishe msemaji, kisha amwulize: huyo mama alikula nini mwezi uliopita, na nani alimsaidia kuteka maji?