Mpaka Unahama, Mtu Hahami

Mnyarwanda aliyeletwa Masisi, mashariki mwa Kongo, na Wabelgiji mwaka 1938 alibadilishwa uraia mara kadhaa bila kuondoka shambani. Sheria ya 1972 ilimfanya Mzaire kwa kuwa alifika kabla ya 1960. Ile ya 1981 ikamvua uraia huo, kwa kudai babu zake wawe walikuwapo nchini tarehe 1 Agosti 1885. Ya 2004 ikaurudisha, kipimo sasa kikiwa makabila yaliyokuwapo wakati wa uhuru. Kama yeye hakuishi kuyaona yote, watoto wake waliyaona.

Toleo hili linahusu namna akili inavyowapanga watu na vitu katika makundi. Katika miaka ya 1970 Eleanor Rosch, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kwamba makundi mengi akilini hayana ukuta, yana kitovu. Njiwa ni ndege bila ubishi. Mbuni naye ni ndege, lakini akili husita kidogo kabla ya kumkubali. “Mwenyeji” wa Masisi hufikiriwa hivyohivyo. Katikati yupo Mhunde mwenye makaburi ya mababu kando ya shamba lake. Pembeni yupo mtoto wa baba Mhutu na mama Mhunde, aliyezaliwa Kitshanga na asiyejua kilima kingine. Majirani wakisita juu yake, maisha huendelea: atachangia harusi, atabeba jeneza. Karani wa uraia hana ruhusa ya kusita. Fomu yake inataka ndiyo au hapana.

Wapo wanaosema ukabila ni maumbile tu. Wana ushahidi. Mwaka 1970 Henri Tajfel alichapisha majaribio aliyowafanyia wavulana wa shule mjini Bristol: waliambiwa wamegawanywa kwa kupenda michoro ya Klee au ya Kandinsky, na hilo pekee likatosha kuwafanya wawapendelee wa kundi lao katika kugawa pesa, ingawa hawakuwajua ni akina nani. Sawa, akili hupokea mpaka wowote. Lakini wavulana wale hawakujigawa wenyewe. Aliyewagawa alikuwa Tajfel.

Kwetu Kongo waliogawa ni wengi. Mpango wa kikoloni wa kuhamisha Wanyarwanda, 1937 hadi 1955, ulitafuta vibarua wa mashamba ya Wazungu; Gishari, eneo la Masisi walikowekwa, ikapewa utawala wake katika ardhi ya Wahunde, kisha utawala huo ukafutwa mwaka 1957. Mauaji yalipoanza katika soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, Wanyarwanda walikuwa upande mmoja, Wahutu na Watutsi pamoja. Upande wa pili Wahunde, Wanyanga na Watembo. Mwaka uliofuata wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka, pamoja na askari na wanamgambo wa Kihutu wa Interahamwe, na mstari ukahama: hadi kufikia 1996 Watutsi walikuwa wamefukuzwa Masisi, na kati ya waliowafukuza walikuwamo Wahutu. Kisha, Mei 2022, huko Pinga, makundi yenye silaha ya Kihunde na ya Kihutu yaliyokuwa yakiuana yalikubaliana kutoshambuliana ili yaikabili M23, kundi la waasi linaloongozwa na Watutsi. Wapiganaji wao wengi sasa huitwa Wazalendo.

Ndiyo maana tumewaomba waandishi wa toleo hili, kila wanapotaja kundi, waseme mstari wake ulichorwa na nani, lini, na kwa ajili ya ardhi au kura ipi. Makala zimerefuka. Atakayetulaumu kwa hilo atuonyeshe aya ya kukata.